Fomu za kata nzima ndani ya faili moja: kuhusu tar, zip na ushahidi wetu

(Haya ni maandishi ya mazungumzo niliyotoa kwa vijana wetu wa kitengo cha teknolojia na mawakala wa kata. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema. Amri nimeziandika vizuri ili mzinakili, maana siku ile waliokaa nyuma walilalamika kwamba ubao hauonekani.)



Kwenye ratiba wameandika mada yangu ni "Teknolojia". Ni pana mno, nimeipunguza. Nitazungumzia kitu kimoja: kubana mafaili na kuyafumua kwa kuandika amri kwenye ile skrini nyeusi, bila kubofyabofya. Najua kuna wanaojiuliza huyu dada wa sheria kwenye kompyuta kafuata nini. Nimefuata fomu za matokeo.

Tuanze na sheria kidogo, dakika tano tu, halafu tuingie kwenye kazi. Matokeo ya urais yakishatangazwa na Tume, ibara ya 41(7) ya Katiba yetu inaizuia mahakama yoyote kuuchunguza ushindi huo. Mahakama ya Afrika, hapo Arusha, ilishasema Julai 2020 kwamba kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Hiyo ni mada ya siku nyingine na ina hasira zake. Lakini ubunge unapingwa mahakamani, na udiwani unapingwa. Na kesi hizo zinabebwa na makaratasi: wakala alikuwa kituoni, akapewa nakala ya fomu, akaipiga picha, akaituma. Sasa ile picha, siku ya siku, wakili wetu anaitoa mbele ya jaji. Wakili wa upande wa pili anasimama na kuuliza swali moja tu: hii picha imetoka wapi, na tutajuaje haijaguswa?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, inamwambia jaji aangalie nini anapopima uzito wa ushahidi wa namna hii. Aangalie ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, kama njia hizo zinaaminika. Aangalie ukamilifu wake ulilindwaje. Aangalie aliyeutengeneza anatambulikaje. Nawaomba muyashike hayo maneno mawili, ulivyohifadhiwa na ulivyosafirishwa, kwa sababu hapo ndipo tunapopigwa. Fomu tunazo. Tatizo letu ni safari yake kutoka kituoni mpaka kwa wakili.

Safari yenyewe mnaijua. Wakala anapiga picha, anaitupia kwenye grupu la WhatsApp la kata. Mtu wa kata anaipeleka kwenye grupu la jimbo. Wa jimbo anaipakua na kuiweka kwenye flashi. Mpaka hapo ile picha imeshaumizwa. WhatsApp ukiituma picha kama picha inaibana upya ili iwe nyepesi, na ubanaji wake ni wa kutupa: inafuta sehemu ya taarifa ambazo jicho halitazikosa, na zikishatupwa hazirudi. Tarakimu iliyoandikwa kwa kalamu ya wino hafifu, ile 3 ambayo wengine wanaisoma 8, ndiyo inayoumia kwanza. Pia inafuta yale maelezo yaliyofichwa ndani ya picha: saa iliyopigwa, aina ya simu, na mahali kama simu iliruhusiwa kurekodi mahali. Yaani yale yale ambayo kifungu cha 18 kinayatafuta.

Ubanaji ninaouzungumzia mimi leo ni wa aina nyingine. Huu hautupi kitu. Faili inaingia, inapungua, ikifumuliwa inarudi vilevile, biti kwa biti. Msingi wake ni kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya 1977. Wazo lao ni rahisi ajabu: kama neno limeshaandikwa huko juu, usiliandike tena, andika tu "rudi nyuma hatua kadhaa, nakili herufi kadhaa". Fikiria orodha ya wapiga kura ya mtaa mmoja, jina la mtaa limerudiwa mara elfu. Linaandikwa mara moja, pengine pote ni vielekezo. Ndiyo maana orodha ya majina inaweza kupungua mara nne, mara tano, na picha ya simu haipungui kitu. Picha ya jpg imeshabanwa tayari na kamera, hakuna cha kukamua tena. Kwa hiyo mtu akikwambia "bana hizo picha ziwe ndogo nizitume kwa bando langu la mia tano", mwambie ukweli: utapunguza asilimia moja au mbili, basi.

Sasa kama picha hazipungui, kwa nini tuhangaike? Kwa sababu tunataka kuzifunga pamoja. Picha mia na ishirini zikisafiri moja moja, kumi zitapotea njiani na hakuna atakayejua. Zikiwa kifurushi kimoja, ama kimefika ama hakijafika.

Programu ya kufunga inaitwa tar. Ni ya zamani, ilikuja na Unix ya 1979, na jina lake linatokana na kanda za sumaku zilizokuwa zinatumika kuhifadhi data enzi hizo. Ipo kwenye kila Linux, ipo kwenye Mac, na Windows 10 wameiweka tangu 2018, fungua tu ile Command Prompt uandike. Wa simu za Android, shusheni Termux, tar imo ndani. Mkishaingia andikeni termux-setup-storage mara moja ili iruhusiwe kuona picha zenu.

Tuseme picha zote za kata umeziweka kwenye folda inayoitwa kata. Unaandika hivi:

tar -cvf kata.tar kata/

Herufi c inasema unda kifurushi kipya. v inasema nionyeshe unachofanya. f inasema jina la kifurushi ni hili linalofuata. Baada ya f lazima lije jina la faili jipya, naomba mnisikilize vizuri hapa. Mtu aliye ndani ya folda ya picha akiandika kwa haraka

tar -cvf *.jpg

akidhani atafunga picha zote, tar itachukua picha ya kwanza kuwa ndiyo jina la kifurushi. Itaandika juu yake. Ile picha imekufa. Hakuna onyo, hakuna "una uhakika?". Kwenye skrini nyeusi kompyuta inakuchukulia kama mtu mzima anayejua anachotaka.

Mkiwa na orodha au majedwali, ongezeni herufi z, ndiyo inayoita gzip ibane:

tar -czvf orodha.tar.gz orodha/

Kwa picha achaneni na z, mnamaliza chaji bure. Na hiyo gzip ukiitumia peke yake bila tar ina tabia moja mbaya. Ukiandika gzip orodha.csv inakutengenezea orodha.csv.gz na inaifuta ile ya mwanzo. Kwa matumizi ya kawaida sawa. Kwa ushahidi hapana, sisi hatufuti cha mwanzo hata siku moja. Andika gzip -k orodha.csv, hiyo k inaiambia iache ya mwanzo.

Wengi mtakuwa mmezoea zip. Ni nzuri, na faida yake kubwa ni kwamba kila kompyuta ya ofisi, ya mahakama na ya wakili inaifungua bila kuuliza.

zip -r kata.zip kata/

Hiyo r ni ya kuingia mpaka kwenye folda zilizo ndani ya folda. Ukiisahau utapata kifurushi chenye folda tupu, na utagundua ukiwa umeshafika mjini.

Hapa niingize kisa cha kwetu wanasheria, samahani, siwezi kukiacha. Zip imezaliwa na kesi. Miaka ya 1980 kulikuwa na kampuni Marekani ikiitwa SEA, ina programu ya kubana inayoitwa ARC. Kijana mmoja wa Milwaukee, Phil Katz, akatengeneza yake inayofungua mafaili hayohayo ya ARC, lakini kwa kasi zaidi. SEA wakamshitaki mwaka 1988 kwa hakimiliki na alama ya biashara. Wakamalizana nje ya mahakama, Katz akalipa, na akakubali kuachana na ARC. Akakaa chini akatengeneza muundo mpya kabisa, zip, ukatoka 1989, na maelezo yake akayaweka wazi ili mtu yeyote aandike programu ya kuusoma. Ndiyo maana leo mnafungua zip kwenye simu ya laki moja na nusu bila kumlipa mtu. Katz mwenyewe alifariki mwaka 2000, ana miaka 37.

Turudi. Kabla ya kufunga kifurushi kuna hatua moja ambayo nikiweza kuwalazimisha kwa fimbo ningewalazimisha. Ingia kwenye folda ya picha, andika:

sha256sum *.jpg > alama.txt

Programu hii inasoma kila picha na kuitolea mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Nauita alama ya kidole ya faili. Ukibadilisha nukta moja tu ya picha, alama yote inabadilika, haifanani hata kidogo na ya kwanza. Orodha ya alama inakaa kwenye alama.txt, inafungwa ndani pamoja na picha. Halafu, ukishafunga, unachukua na alama ya kifurushi chenyewe:

sha256sum kata.tar

Ile alama unaiandika kwa kalamu kwenye karatasi. Ndiyo, kalamu. Tarehe, saa, jina lako, saini yako, na saini ya mwenzako aliyekuwepo. Kisha unaituma kwa meseji ya kawaida kwa mtu wa sheria wa jimbo. Herufi 64 zinaingia kwenye meseji moja na nafasi inabaki. Mnakumbuka Oktoba 2020 mitandao ilivyobanwa siku za uchaguzi hapa kwetu, na Uganda Januari 2021 walizima intaneti yote kwa siku kadhaa. Kifurushi cha megabaiti mia tatu kinaweza kungoja flashi na basi la asubuhi. Alama yake itakuwa imeshatangulia, na ikishatangulia, yeyote atakayegusa picha njiani ataonekana. Wakili akipokea flashi anaandika sha256sum kata.tar, analinganisha na meseji. Akishafumua anaingia kwenye folda na kuandika

sha256sum -c alama.txt

na kila picha inajibu yenyewe kama iko sawa.

Wa Windows ambao hamna sha256sum, andikeni certutil -hashfile kata.tar SHA256, jibu ni lilelile.

Kuna aliyeniuliza wiki iliyopita, zip si ina ukaguzi wake wa ndani, kwa nini tujisumbue? Ni kweli, unzip -t kata.zip itakwambia kama kifurushi kimeharibika. Lakini ukaguzi ule uliwekwa kwa ajili ya ajali: flashi mbovu, mtandao uliokatika. Mtu anayebadilisha picha makusudi atafunga kifurushi upya na ukaguzi wa ndani utasema kila kitu kiko salama. Alama iliyoandikwa kwenye karatasi kabla hajaishika ndiyo hawezi kuifikia. Na kwa sababu hiyohiyo, ukishafunga usifungue na kufunga tena. Kifurushi cha pili kinaweza kutoa alama tofauti hata kama picha ni zilezile, kwa sababu saa na mpangilio wa ndani vinaingia kwenye hesabu. Halafu ukajieleze kizimbani kwa nini alama hazifanani. Ukipata picha zilizochelewa, tengeneza kifurushi kingine, kipe jina lingine, kipe alama yake.

Mnadhani natia chumvi? Angalieni majirani. Kenya mwaka 2022 tume yao iliweka picha za fomu 34A kwenye tovuti ya wazi, vituo 46,229, kila mwananchi akawa anajumlisha mwenyewe. Kesi ikaenda Mahakama ya Juu. Waliopinga matokeo wakaleta, pamoja na mambo mengine, kumbukumbu za kompyuta wakidai mfumo ulivamiwa. Tarehe 5 Septemba 2022 mahakama ikazikataa kama zisizoaminika, na ikatumia neno zito, kughushi. Mimi sisemi nani alikuwa sahihi Kenya, sina ubavu huo. Ninachosoma mimi kama mwanafunzi ni kwamba majaji walitaka kujua kumbukumbu zimetoka wapi na nani anaziweka mikononi mwao, na majibu hayakutosha. Ukubwa wa jambo ulilolileta haukuokoi kwenye swali hilo.

Sasa kufumua. Watu wanafikiri hapa hakuna kazi. Hapa ndipo fomu nyingi zinapofia, tena mikononi mwetu wenyewe.

Kwanza, tazama kabla ya kufumua:

tar -tvf kata.tar
unzip -l kata.zip

Hii inakuonyesha orodha ya vilivyomo bila kutoa kitu. Hesabu. Kama kata ina vituo arobaini na unaona picha thelathini na saba, piga simu sasa hivi, usingoje. Na ukiona majina ya ajabu yanayoanza na nukta mbili na mkwaju, ../ hivi, usifumue. Yametengenezwa yatoke nje ya folda yako yakaandike pengine kwenye kompyuta yako. Kuna vifurushi vingine ni mabomu kabisa: kimoja mashuhuri, 42.zip, kina kilobaiti 42, ukikifumua mpaka mwisho kinadai zaidi ya petabaiti nne. Kompyuta ya ofisi ya jimbo haina nafasi hiyo, na nina shaka kama kuna ofisi ya chama chochote hapa nchini yenye nafasi hiyo. Kifurushi kinachotoka kwa namba msiyoijua siku ya kujumlisha kura, kiacheni.

Pili, kila kata folda yake:

mkdir kata_a
tar -xvf kata.tar -C kata_a

x ni kufumua, -C kubwa ni mahali pa kupeleka. Kwa zip ni unzip kata.zip -d kata_a. Kwa nini nasisitiza folda? Picha zilizopita WhatsApp zinapewa majina kwa tarehe na namba: IMG, tarehe, WA0001. Simu ya wakala wa kituo cha shuleni ina WA0001. Simu ya wakala wa kituo cha sokoni nayo ina WA0001 ya siku ileile. Ukifumua vifurushi vyao viwili kwenye folda moja, tar itaandika ya pili juu ya ya kwanza kimyakimya. Fomu ya shuleni imepotea na kwenye folda kila kitu kinaonekana kizuri. Unzip angalau inauliza, na mtu aliyechoka saa tisa usiku anajibu "ndiyo kwa zote". Basi zoeeni kuongeza k, tar -xkvf, hiyo inakataa kugusa faili lililopo. Na mawakala, jamani, badilisheni majina kabla ya kufunga: kata, kituo, namba. Tunaomba.

La mwisho ni siri, nitalipitia haraka. Fomu za matokeo hazina siri, zinabandikwa ukutani. Orodha za wanachama na namba za mawakala zina siri, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hilo ni jukumu la kisheria, hata kwetu sisi tunaopenda kuwakumbusha wengine sheria. Msitumie zip -e. Inaomba nywila na inaonekana ya maana, lakini ufichaji wake wa zamani ulivunjwa na wataalamu tangu 1994. Tumieni 7z, kwenye Termux inapatikana kwa pkg install p7zip:

7z a -p -mhe=on mawakala.7z mawakala/

Hiyo -mhe=on inaficha mpaka majina ya mafaili. Bila hiyo, mtu hawezi kufungua lakini anasoma majina, na kama faili linaitwa kwa jina la mtu na kituo chake, ameshapata alichotaka. Baada ya -p msiandike nywila palepale, iacheni iwaulize, kwa sababu skrini nyeusi inatunza kumbukumbu ya kila amri. Na nywila isipite kwenye grupu lilelile lililopitishia faili. Pigeni simu.

Kifurushi kikiwa kizito na mtandao ni wa kuvizia, kikateni vipande:

split -b 20M kata.tar kata_kipande_

Vinatoka vipande vya megabaiti ishirini, vinatumwa kama nyaraka kimoja kimoja, si kama picha. Upande wa pili wanaviunga:

cat kata_kipande_* > kata.tar

kisha alama. Ikifanana na ya kwenye meseji, vipande vyote vimefika na kwa mpangilio. Isipofanana, kipande kimoja kimekosekana au kimeharibika, kitumwe tena.

Nimeleta flashi nne zenye folda ya picha za mazoezi, mia moja na ishirini, na ndani yake nimebadilisha mbili baada ya kuchukua alama. Gaweni makundi manne. Wa simu kaeni karibu na soketi upande wa dirishani, wa laptopu hapa mbele. Nataka kila kundi liniambie ni picha zipi mbili, na liniambie bila kuzitazama kwa macho.